Ushauri wa Bwana Shamba, Hasara ya Mkulima

Kila Novemba, kabla mvua hazijaanza, vijiji vya Dodoma husikia tangazo ambalo wazee wanalijua kwa kichwa: limeni mtama, limeni uwele, mahindi yaacheni. Mkuu wa wilaya hulitoa akiwa ziarani, mtendaji wa kata hulirudia kwenye mkutano wa hadhara, na mwisho afisa ugani hulibeba hadi kitongojini. Kitaalamu tangazo halina kasoro. Mvua za kanda ya kati ni haba na zina tabia ya kukatika Februari, mahindi yanapotoa mbelewele, na mtama unavumilia kiu ambayo mahindi hayaiwezi. Mvua zikinyesha, watu wanapanda mahindi.

Ofisini jambo hili huitwa ubishi wa wakulima. Ukikaa na mkulima mwenyewe utasikia hesabu. Mtama unataka mtu wa kuamia ndege kuanzia punje zinapoingiza maziwa mpaka siku ya kuvuna, na watoto waliokuwa wakifanya kazi hiyo sasa wako shuleni. Kundi la kwelea kwelea likishuka, ekari moja haifiki jioni. Kuupura na kuukoboa ni kazi ya mama, wala si kazi ndogo. Bei yake hupanda mwaka ambao kiwanda cha bia au mnunuzi wa mahitaji ya msaada anautafuta, na mwaka mwingine hakuna anayeuulizia. Mahindi yakipona hata nusu yanaliwa mabichi, yanauzwa ya kuchoma, yanasagwa, yanapokelewa na kila dalali. Ushauri wa kupanda mtama umepima kitu kimoja, yaani maji. Mkulima amepima vitano.

Jambo la sita halisemwi mkutanoni: akifuata ushauri na mtama ukaliwa na ndege, hakuna atakayemlipa. Afisa ugani atapokea mshahara wake. Mkuu wa wilaya ataandika katika taarifa yake kwamba hamasa ilifanyika. Mjadala wetu kuhusu ugani huzungumza sana idadi ya wataalamu, pikipiki na mafuta, na mara chache sana huuliza ushauri ukishindwa hasara inaangukia kwa nani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo unapotofautisha programu za ugani zilizowasaidia wakulima na vijana na zile zilizoacha mabango tu barabarani.

Nisionekane kupuuza idadi. Mwaka 2022 maafisa ugani wa serikali Tanzania Bara walikuwa chini ya 7,000, ilhali mahitaji yaliyokuwa yakitajwa ni zaidi ya 20,000. Vijiji ni zaidi ya 12,000, kwa hiyo hata lile lengo la zamani la kila kijiji kuwa na mtaalamu wake halijafikiwa. Kenya, ambako Katiba ya 2010 ilikabidhi kazi ya ugani kwa kaunti kuanzia 2013, hali haina nafuu kubwa: kwa miaka mingi hesabu inayotajwa ni afisa mmoja kwa wakulima kama 1,500, wakati kipimo kinachopendekezwa ni mmoja kwa 400. Aprili 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kugawa maelfu ya pikipiki kwa maafisa ugani, pamoja na vifaa vya kupimia afya ya udongo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo nayo imepanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi zaidi ya trilioni 1.2 mwaka 2024/25. Aliyewahi kumwona bibi shamba akiomba lifti ya bodaboda ili akaone zao lililopatwa na ugonjwa hawezi kubeza pikipiki.

Ila pikipiki inakwenda kokote inakoelekezwa. Afisa ugani wa kata yuko chini ya mkurugenzi wa halmashauri, na halmashauri ina shida zake. Atakaimu utendaji wa kijiji pale mtendaji anapohamishwa. Atasimamia kizuizi cha ushuru wa mazao, ataandikisha wapigakura, atahamasisha michango ya madarasa. Ruzuku ya mbolea iliporudi msimu wa 2022/23 kwa utaratibu wa kuwasajili wakulima kidijitali, maafisa ugani wengi waligeuka makarani, wakiingiza majina na namba za simu siku nzima huku msimu ukipita. Sisemi usajili ulikuwa kazi bure, maana bila huo mbolea ile ingeishia mikononi mwa wajanja. Ninachosema ni kwamba mtu huyu anapimwa kwa taarifa anazopeleka juu. Fomu yake ina nafasi ya kuandika idadi ya wakulima waliotembelewa, na haina nafasi ya wakulima walioshauriwa wakapata hasara.

Utaratibu huu wa kuagiza bila kuulizwa hasara una umri mkubwa kuliko halmashauri zenyewe. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwataka Waluguru wachimbe matuta ya ngazi kwenye miteremko yao ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu hawakukosea kuhusu mmomonyoko. Walikosea kuhusu udongo. Tabaka lenye rutuba katika milima ile ni jembamba, na ngazi zilipochimbwa udongo mzuri ulifukiwa chini, ule usiozaa ukaja juu. Aliyepanda juu ya tuta alivuna pungufu ya jirani yake asiyetii, na aliyekaidi akashtakiwa. Mwaka 1955 kulizuka fujo huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukafa pia. Kusini, katika milima ya Mbinga, Wamatengo walikuwa wakilima miteremko mikali kwa ngoro miaka yote hiyo bila kuagizwa na yeyote. Hulaza nyasi kwa mistari inayokatana, huzifunika kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayonasa maji. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Japani walipokwenda kuzichunguza miaka ya 1990, walikwenda kama wanafunzi. Kila nikisoma mpango mpya wa hifadhi ya udongo huwa natafuta kwanza ukurasa unaoeleza watu wa pale walikuwa wakifanya nini kabla. Mara nyingi haupo.

Uhuru ulibadilisha msemaji, sauti ikabaki. Siasa ni Kilimo ya 1972 ilikuwa na nia njema, na ndani yake mlikuwa na elimu ya kweli kuhusu samadi, nafasi za kupandia na mbegu bora. Lakini ilipofika vijijini iliambatana na sheria ndogo za kiwango cha chini cha ekari na faini kwa asiyezifikia, na bwana shamba akawa mpimaji wa ekari hizo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kukaja mtindo wa mafunzo na matembezi, uliobuniwa na Daniel Benor na kusambazwa na Benki ya Dunia katika nchi kadhaa za Asia na Afrika. Afisa alipewa ujumbe wa wiki mbili, akaupeleka kwa wakulima wachache viongozi, nao wakatarajiwa kuusambaza kwa wenzao. Ratiba ilikuwa safi mno. Ujumbe ulikuwa mmoja kwa mwenye ng'ombe wa kulimia na kwa mjane mwenye jembe la mkono. Fedha za mradi zilipokwisha, ratiba nayo ikaisha, na hicho ndicho kipimo ambacho wakulima wengi hutumia kupima miradi hadi leo: mtaondoka lini?

Mtindo ninaouheshimu zaidi ulizaliwa kutokana na hasara. Indonesia ilikuwa imemwagia dawa mashamba yake ya mpunga kwa miaka mingi. Dawa ziliua wadudu rafiki waliokuwa wakimla adui, na yule panzi mdogo wa kahawia akarudi na nguvu mpya. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku dawa 57 kwa mpunga, na mwaka 1989 kwa msaada wa FAO yakaanza mashamba darasa. Hapakuwa na ujumbe wa wiki mbili. Wakulima walifundishwa kuangalia.

Afrika Mashariki imeyatumia mashamba darasa tangu miaka ya 1990, na anayetaka kuelewa kwa nini yanafanya kazi akae asubuhi moja kwenye shamba darasa la mahindi. Watu 25 au 30 hukutana kila wiki, siku ile ile, kwenye kipande walichokubaliana, mara nyingi robo ekari tu. Kipande kimegawanywa: huku wamepanda walivyozoea, huku mbegu mpya, huku mbegu mpya pamoja na samadi. Wanajigawa watano watano na kuingia shambani umande ungali majanini. Kila kundi linachukua mashina kumi bila kuchagua, linahesabu majani, linageuza kila jani. Akipatikana kiwavi, hakuna anayekimbilia pampu. Wanamtazama kichwani kama ana mstari wa Y iliyogeuzwa, wanatazama mkiani kama ana madoa manne yaliyokaa kwa pembe nne, kwa sababu huyo ndiye kiwavijeshi vamizi aliyeingia nchini mwaka 2017, na si yule wa zamani anayekuja kwa makundi. Wanatafuta mayai chini ya jani na kuyasaga kwa vidole. Kisha wanarudi kivulini, wanachora walichokiona kwenye karatasi ya manila, mmea katikati, wadudu adui upande mmoja na rafiki upande wa pili, na mmoja anasimama kutetea uamuzi wa kundi lake: tupulizie au tusubiri? Kundi la pili linampinga. Mwezeshaji akiwa mzuri, husema kidogo kuliko wote.

Kiwavi huyo alipoingia, wataalamu nao walikuwa wakijifunza. Wakulima walijaza majivu, mchanga na hata sabuni ya unga kwenye moyo wa mhindi. Baadhi ya mbinu hizo zilisaidia kidogo, nyingine ziliunguza mmea, na mahali pa kuzipima bila kupoteza chakula cha mwaka palikuwa kipande kile cha robo ekari. Hasara ya pale inagawanywa kwa watu 30. Mmoja akikosea, wote wamejifunza na hakuna atakayelala njaa.

Utafiti uliofuatilia mashamba darasa Kenya, Tanzania na Uganda, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta kipato cha washiriki kilipanda kwa wastani wa asilimia 61, na waliofaidika zaidi walikuwemo wanawake na watu wenye elimu ndogo ya darasani. Matokeo yalitofautiana sana nchi kwa nchi, kwa hiyo wastani huo nisingeubeba kama hirizi. Mashamba darasa yana kasoro kubwa moja pia: ni ghali kwa kila kichwa, na jirani asiyehudhuria hajifunzi kwa kuchungulia juu ya uzio. Ndiyo maana miradi mingi huanza na mashamba darasa ya kweli na kumalizia na bango lililoandikwa hivyo kando ya barabara, mbele ya shamba ambalo kampuni ya mbegu imepanda, ikapalilia na kuvuna yenyewe.

Mtwara na Lindi wana simulizi ya kiwango kikubwa zaidi. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna korosho karibu tani 145,000. Miaka kumi na tatu baadaye hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini na kuacha mikorosho yao mbali, bei ilikuwa mbovu, kisha ubwiri unga ukaja kuyaunguza maua. Kituo cha utafiti cha Naliendele kilionyesha kwamba unga wa salfa ukipulizwa kwa wakati, ugonjwa unazuilika. Ushauri huo haukuhitaji faini wala mkutano wa hadhara. Mkorosho uliopuliziwa ulizaa, wa jirani haukuzaa, na tofauti ilionekana kutoka barabarani msimu uleule. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uzalishaji ulikuwa umepita tani 120,000, na msimu wa 2017/18 ukapita 300,000. Naliendele walikuwa na dawa inayofanya kazi, lakini la muhimu zaidi ni kwamba soko lilikuwa limefunguliwa na bei ilifidia gharama ya mfuko wa salfa. Elimu na hesabu vilikwenda pamoja.

Kisha Novemba 2018 serikali iliingia kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakazisomba, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Bei ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Lakini mtu asiyelipwa kwa wakati hanunui salfa kwa wakati, na mkorosho hausubiri uhakiki ukamilike. Hakuna afisa ugani aliyekosea ushauri mwaka ule. Shamba lilikuwa sawa, na mkulima alipata hasara iliyotokea mbali na shamba lake, mahali ambapo mtaala wa ugani haufiki.

Pale ugani wa serikali unapoishia, duka la pembejeo linaanza. Kwa kweli mshauri mkuu wa mkulima wa nyanya wa Kilolo au wa vitunguu wa Mang'ola ni kijana aliyesimama nyuma ya kaunta. Mkulima anafika na jani lenye vitobo ndani ya mfuko wa plastiki, au na picha kwenye simu, na baada ya dakika mbili anaondoka na chupa. Mdudu kantangaze alipoenea kwenye nyanya, maduka yalikuwa na majibu mengi kabla ofisi ya kata haijapata hata moja. Siwezi kumlaumu muuzaji kwa kuuza. Lakini anapata faida ushauri uwe sahihi au usiwe, na anapata mara mbili usipokuwa, kwa sababu mteja atarudi kununua chupa ya pili. Kumwezesha kijana huyo kwa mafunzo, na kuyakagua maduka kikweli ili viuatilifu feki viondoke, kungegharimu sehemu ndogo ya fedha za pikipiki. Tunaendelea kumwona kama mfanyabiashara tu, ilhali kwa siku anasikiliza wagonjwa wa mazao wengi kuliko afisa anaowaona kwa wiki.

Simu nazo zimeongeza washauri. Makundi ya WhatsApp ya wakulima wa parachichi yana mabishano makali kuliko semina yoyote, vipindi vya redio za mikoani vinasikilizwa shambani, jarida la Mkulima Mbunifu lina wasomaji waaminifu. Sina mengi ya kusema hapa isipokuwa kwamba habari si adimu tena. Kilicho adimu ni mtu wa kuja kuona.

Sasa vijana. Tumezoea kuuliza kwa nini wanakimbia kilimo, na jibu letu la haraka ni kwamba hawapendi kuchafuka. Anayesema hivyo hajapita Ruaha Mbuyuni wakati wa vitunguu. Vijana wapo, wanamwagilia usiku wakishika zamu ya maji. Ila wengi wao wanalima ekari moja ya kukodi, kwa msimu mmoja, wakifukuzia bei. Ardhi ya ukoo iko kwa baba, na baba yu hai. Mwambie kijana huyo arundike mboji, apande miti kingo za shamba, atengeneze kinga maji, na umempa ushauri mzuri kwa mwenye shamba. Msimu ujao kodi itapanda kwa sababu shamba limenona, au litakodishwa kwa mwingine. Sehemu kubwa ya elimu ya ugani imeandikwa kwa mtu mwenye ardhi yake na muda wa kusubiri, na kijana hana chochote kati ya hivyo viwili.

Wamarekani walianzia kwa vijana kwa hila ambayo ina faida kuikumbuka. Mwanzoni mwa karne iliyopita wakulima wao hawakuwaamini maprofesa. Mwaka 1902 mkuu wa shule mmoja huko Ohio, A. B. Graham, aliwakusanya watoto wa shule wajaribu mbegu za mahindi kwenye vipande vidogo. Klabu za aina hiyo ndizo zilizokua zikawa 4-H. Mtoto alipewa kona ya shamba ambayo baba alikuwa tayari kuipoteza, na kona ikizaa kuliko shamba la baba, mazungumzo ya chakula cha jioni yanabadilika. Mwaka uliofuata huko Terrell, Texas, Seaman Knapp aliweka shamba la mfano ndani ya shamba la mkulima wa kawaida, huku watu wa mji wakichanga mfuko wa kumfidia mkulima huyo endapo atapata hasara. Hakuipata. Sheria ya 1914 iliyounda ugani wa Marekani ilisimama juu ya misingi hiyo, lakini nchi zilizoiga muundo wake zilichukua ofisi na vyeo, zikaacha ule mfuko wa fidia.

Kenya ilichukua klabu. Vyama vya 4-K, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilianza 1962, vikafifia kwa miongo, vikafufuliwa rasmi mwaka 2021. Tanzania tulikuwa na Elimu ya Kujitegemea tangu 1967 na shamba katika kila shule. Wazo lilikuwa kubwa. Lakini muulize mtu yeyote aliyesoma miaka ile, mchelewaji alipelekwa wapi? Bustanini. Mpiga kelele je? Shambani, na jembe. Tulifundisha kizazi kizima kwamba jembe ni adhabu, kisha tukaitisha makongamano kujadili kwa nini hawalipendi. Mkondo wa amali katika mtaala mpya unafungua nafasi nyingine, mradi mwanafunzi apewe kipande cha kujaribu na daftari la mapato na matumizi, na mavuno yawe yake hata kwa sehemu.

Programu ya Jenga Kesho iliyo Bora, ambayo kila mtu anaiita BBT kwa kifupi cha jina lake la Kiingereza, ndiyo jaribio kubwa zaidi tulilonalo. Mapema mwaka 2023 vijana 812 walichaguliwa kati ya maelfu walioomba, wakapelekwa vituo atamizi kwa mafunzo ya miezi kadhaa, na mashamba ya pamoja yakaandaliwa Dodoma, huko Chinangali na Ndogowe. Waliobuni programu walielewa kwamba mafunzo matupu hayatoshi, wakaongeza ardhi, maji na mkopo. Hiyo ni hatua ambayo ugani haujawahi kuifikia. Wasiwasi wangu ni jinsi hatari ilivyokusanywa mahali pamoja. Kijana wa BBT anahama kwao, anaingia kwenye shamba la serikali, anategemea kisima cha serikali, umeme wa serikali na mnunuzi aliyetafutwa na serikali. Kimoja kikichelewa, msimu umekwenda, na hana mjomba wa kumkopesha gunia kwa sababu mjomba yuko Kasulu. Gharama kwa kila kijana ni kubwa kiasi kwamba programu haiwezi kuwafikia mamilioni wanaobaki vijijini, na hao ndio ugani wa kawaida uliopaswa kuwahudumia. Kwao upo mkopo wa halmashauri, asilimia nne ya mapato ya ndani kwa vikundi vya vijana, nne kwa wanawake na mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu na vikundi hewa, ikarejea 2024. Afisa ugani anayewajua vijana wa kata yake angeweza kueleza kwa nusu saa kikundi kipi kinalima na kipi kimeundwa barazani wiki iliyopita. Ni nadra kuulizwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni mdogo na hauna uzinduzi. Kusini, msimu wa kupulizia ukifika, vijana wenye mashine hupita mashamba ya korosho wakilipwa kwa kazi. Mwenye mikorosho ni mzee asiyeweza kubeba mashine mgongoni, na dawa anayo. Kijana aliyefundishwa vipimo, anayejua wakati wa kupuliza na anayevaa glovu na barakoa bila kuambiwa, hupata wateja wengi. Anayepuliza ovyo hujulikana mwaka uleule maua yanapopukutika, na mwaka unaofuata haitwi. Mikoa mingine ina vijana wa namna hiyo kwenye chanjo za kuku, kubebesha miche ya parachichi na kupogoa kahawa. Hawahitaji ekari kumi za urithi. Wanahitaji mafunzo mafupi, kifaa na cheti chenye maana, na zaidi ya yote wanaishi kijijini hapo na wateja wao. Ushauri wao ukishindwa, hasara inawagusa.

Bodi za mazao zimeanza kuwaajiri vijana wa ugani kwa mikataba kwenye korosho na pamba, na nadhani ni njia njema kuliko kusubiri kibali cha ajira cha serikali kuu, iwapo malipo yao yatafungamana na mavuno ya wakulima kwa namna fulani badala ya idadi ya matembezi. Wanawake wangepaswa kuwa nusu yao. Mikutano mingi ya ugani bado huitishwa saa nne asubuhi, mama akiwa shambani au kisimani, na mume anayehudhuria harudi nyumbani na somo la kupanda maharage ambayo hajawahi kuyapanda.

Kuhusu ule mfuko wa Terrell, kitu kinachoukaribia sasa kinaitwa bima ya mazao. Mwaka 2023 kampuni za bima nchini ziliunda umoja wa kuibeba hatari hiyo kwa pamoja. Bima ya aina ya faharasa haiji kupima shamba. Inasoma mvua kwa setilaiti, na mvua ikipungua chini ya kiwango kilichowekwa, wote waliojiunga katika eneo hilo wanalipwa. Ni nafuu kwa sababu hakuna mkaguzi wa kulipa. Udhaifu wake ni kwamba setilaiti inaweza kuona mvua ya kutosha kwenye kata wakati wingu lilipita upande wa pili wa mlima, na mtu aliyelipa ada anabaki na mahindi makavu na barua isiyo na fedha. Kabla ya kuisukuma bima hiyo vijijini, wizara na kampuni zingeamua nani ataieleza siku ya kujiunga, na nani atarudi kuieleza siku ambayo haikulipa. Kwa mipango ilivyo, jina litakaloandikwa kwenye nafasi zote mbili ni la bwana shamba wa kata, yule yule mwenye pikipiki, na safari hii atakuwa ameomba watu watoe fedha taslimu kwa neno lake.